Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Egwang

Maziwa yaliganda mezani saa saba mchana, mwezi wa pili, siku ambayo jua la Malaba lilikuwa limewafukuza madereva wote wakajilaza chini ya malori yao. Aguti alitia kijiko kikombeni kikagonga barafu. Nyumba hiyo haikuwa na friji. Aliyamwaga nje asimwambie mumewe, kwa maana ndoa yenyewe ilikuwa changa na bado alimwita shemeji.

Mume huyo ni Okwakol, wakala wa kupitisha mizigo mpakani. Ulimi hauna mfupa, na wa Okwakol hata aibu haukuwa nayo. Kaka yake mkubwa, Egwang, ndiye aliyemwoa Aguti kwanza. Egwang alikuwa askari mstaafu. Alikwenda nchi ya theluji akiahidiwa kulinda maghala, akafika akanyang'anywa simu, akavishwa kombati na kusukumwa katika vita vya watu wengine. Baadaye Okwakol alileta habari kwamba kaka ameuawa na mwili haupatikani.

Marehemu asiye na mwili haachwi azurure. Hukatwa mgomba, ukavikwa nguo zake, ukalazwa kaburini kwa jina lake. Walifanya hivyo, wakanyoa nywele, na matanga yalipoisha Okwakol akamrithi mjane pamoja na Brigid, mtoto wa mgongoni. Ni desturi, hakuna aliyeshangaa. Aguti alilia peke yake akazoea.

Baada ya maziwa ikaja harufu: soksi zilizolowa, dizeli, moshi wa kuni mbichi. Kisha buti. Zilizunguka nyumba zikivunja kitu kigumu, krap, krap, ilhali uani palikuwa vumbi tupu.

"Shemeji, unasikia?" Aguti alinong'ona.

"Ni madereva hao," Okwakol alisema. Alikuwa amevaa jaketi mbili.

Katekista alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Yaliganda ukutani kabla hayajateremka, naye akakumbuka ghafla kwamba ana mkutano parokiani. Wiki hiyo vidole vya mguu vya Okwakol vikaanza kuwa vyeusi. Daktari alimuuliza kama anafanya kazi ya kugandisha samaki Port Victoria.

Aguti akaenda kumwita Asio, emuron, yaani mganga wa Kiteso, mama mfupi asiyependa mzaha. Asio aliingia, akanusa, akaketi kando ya mlango.

"Hii si jini ya kutumwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni eparait, mzimu wa mtu wa hapa hapa. Kaburi iko. Lakini kaburi ilikuja mbele, kifo ikafuata."

"Mama, fanya kazi yako," Okwakol alisema. "Wacha hadithi."

"Basi mwite. Mwambie ulimzika kwa haki."

Okwakol alilamba midomo. "Egwang, ndugu yangu, mimi nilikuzika kwa haki."

Hapo baridi ikapanda kutoka sakafuni, ikapita magoti, ikapita kiuno, madirisha yakafunga ukungu mweupe na jua bado linawaka kule nje, pumzi za watu zikawa moshi, Brigid akaacha kulia kwa kuwa hata kilio kilimganda kooni, na buti zile zilizokuwa zikizunguka nyumba siku zote zikasimama mlangoni, zikapanguswa taratibu kama za mtu mwenye adabu anayeingia kwake, zikaingia. Okwakol alifungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Egwang.

"Aguti. Huku mate inaganda kabla ifike chini. Tunalala kwa shimo, watu kumi, tukikumbatiana kama watoto wa mbwa. Wenzangu wanaota mkate. Mimi naota atap yako, ile ugali ya wimbi, na mboga ya eboo. Brigid ameota meno?"

Aguti alishika ukuta.

"Namba moja tu ndiyo nilikuwa nayo kwa kichwa, ya huyu ndugu yangu. Kila nikipata simu ya kuazima nampigia, nasema nipe Aguti. Ananiambia umeenda sokoni. Kila siku sokoni. Halafu siku moja nimekaa kwa moto, nikasikia mchanga ikianguka kwa kifua yangu. Mchanga ya nyumbani. Kutoka hiyo siku hakuna moto iliniguza tena. Nilizikwa nikiwa hai, Aguti, na mtu amezikwa atarudi kwao na miguu gani?"

Taya la Okwakol lilifunga kwa kishindo. Alipolifungua tena, sauti ilikuwa yake.

"Alikuwa mzima?" Aguti aliuliza. "Wakati tunanyoa, alikuwa mzima?"

"Mama Brigid, tafadhali. Nilikutaka hata kabla yake. Nilijua hawezi kurudi."

Asio alimtilia Aguti majivu mkononi. "Naweza kumtoa, lakini mkono ni yako. Mwaga hii mlangoni, umwambie mume wako wa kwanza amekufa, aende. Ataenda. Huyu atapona."

"Na nikikataa?"

Asio alitazama ile miguu ya Okwakol, ambayo sasa weusi ulikuwa umefika magotini.

Aguti alimfunga Brigid mgongoni. Alimtanguliza Asio nje, juani. Kisha akafungua kiganja, majivu yakapeperuka uani, na chuki iliyokuwa moyoni mwake haikumtisha hata kidogo.

"Baba Brigid," alisema akielekea ndani, "mimi sikuwa sokoni. Nilikuwa nyumbani, nikikungoja."

Okwakol alianza kutambaa kuelekea mlangoni. Aguti aliuvuta taratibu, akaufunga kwa nje.