Duara Ambalo Sanha Hakuliona

Kila siku alipotoka shule, Sanha alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akala wali na supu ya kimchi, kabeji iliyochachushwa kwa pilipili, huku akimsimulia mama yake vituko vya darasa la sita. Jumatano hiyo hakusimulia kitu.

"Soksi zako tena, baba," mama alisema. "Moja nyekundu, moja ya kijani. Huwa unavaa ukiwa bado umelala?"

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Haraka hiyo hiyo iliyokufanya utuchumie pilipili mbichi kwa bibi. Na kofia yako mpya ya besiboli iko wapi?"

Sanha aliinamia bakuli lake. "Nimeisahau shuleni."

Haikuwa shuleni. Ilikuwa kichwani kwa kaka Jaeha, jirani wa ghorofa ya tisa katika jengo lao, mwanafunzi wa sekondari, na Sanha alimpa mwenyewe kwa mkono wake.

Ilianza hivi. Sanha na wenzake wawili, Bomi na Kyutae, walikuwa timu moja katika mchezo wa kompyuta uitwao Bonde la Ukungu, ambako watu wa miji mbalimbali hukutana na kupigana na majoka. Jumamosi shule zote za mji wa Gunsan, Korea, zingeshindana. Ili kuingia, kila mchezaji alipaswa kuwa na gamba la Joka la Nyika, na gamba hilo hupewa yule tu aliyelishinda joka akiwa peke yake.

Bomi alilipata. Kyutae alilipata. Sanha alijaribu mara thelathini na moja, na kila mara alikufa mahali pale pale, katikati ya uwanda wa majani, bila hata kujua kilichomuua.

"Hata bibi yangu angeruka pale," Kyutae alimcheka. "Na bibi yangu anatembelea fimbo."

Ndipo Sanha alipokwenda ghorofa ya tisa. Alimpa Jaeha kofia na neno lake la siri, na Jaeha akamchezea. Jumanne asubuhi gamba lilikuwa liking'aa kando ya jina lake. Alilifurahia mpaka saa ya mapumziko, Bomi aliposema, "Mwaka jana timu ya wenzetu ilitolewa kwa sababu ya mtu mmoja aliyechezewa. Wote walifungiwa mwaka mzima. Afadhali kushindwa kuliko aibu ile."

Tangu hapo kila simu ilipolia, Sanha alishtuka. Gamba lililompa raha nusu siku sasa lilimtazama kama jicho.

Jioni hiyo walikutana kwenye ukumbi wa kompyuta ulio juu ya duka la mikate. Mwenye ukumbi alikuwa mwanamke mnene mwenye aproni, na watoto wote walimwita mama mdogo. Alipika tambi za moto na hakupenda mtu atukane.

"Leo tunalipiga joka sote watatu," Bomi alisema. "Sanha, wewe tangulia."

Joka lilishuka, likavuta pumzi. Sanha akafa. Walianza upya. Akafa tena.

"We, si uliliua hili peke yako?" Kyutae aliuliza.

"Mkono wangu umekufa ganzi."

"Umekufa wewe. Mara mbili."

Bomi hakucheka. Alimtazama Sanha kwa makini, na hilo lilimtisha kuliko kelele za Kyutae. Walianza mara ya tatu. Mama mdogo alifika na mabakuli ya tambi, akasimama nyuma ya kiti cha Sanha, akatazama.

"Mwanangu," alisema polepole, "mbona unasimama ndani ya duara?"

"Duara gani?"

Kyutae alianza kucheka, kisha akaacha. "Duara jekundu. Linatokea kwenye majani kabla joka halijatema moto. Si hilo hapo, limejaa skrini nzima."

Sanha alikodoa macho. "Mimi naona majani tu."

Mama mdogo aliweka mabakuli chini. Alikwenda jikoni akarudi na kisahani chenye vipande vya pilipili. "Nitolee vyekundu," alisema. Sanha alichagua vitano. Mama mdogo alivitazama, kisha akamshika begani. "Vitatu ni vya kijani. Kaka yangu yuko hivi hivi. Macho yako hayatenganishi rangi hizi mbili. Si uzembe, na si ujinga."

Sanha alihisi mzigo ukimshuka mabegani. Lakini haukufika mbali, kwa sababu Bomi aliuliza, "Kama huoni duara, lile gamba ulilipataje?"

Mashine zilinguruma. Sanha aliitazama skrini.

"Labda alibahatisha," Kyutae alisema.

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Neno moja tu, "ndiyo," na angepita. Sanha alifungua mdomo, akauona mkono wa Bomi uliotulia juu ya kibodi, mkono uliokuwa umefanya mazoezi miezi minne.

"Nilichezewa," alisema. "Na kaka Jaeha. Nilimpa kofia yangu."

Uso wa Bomi ulibadilika. "Ungetutoa wote."

"Najua. Usiku kucha sikulala kwa sababu hiyo."

Bomi alisukuma kando bakuli lake la tambi. "Lirudishe," alisema. "Una kesho na keshokutwa. Ukilipata mwenyewe, tutakwenda. Usipolipata, hatuendi."

Sanha alibonyeza mahali pa kurudishia gamba. Mwanga kando ya jina lake ukazimika.

Mama mdogo aliinama, akafungua ukurasa wa mipangilio ambao watoto hawakuwahi kuusoma. Aliwasha kitu, na duara likatokea kwenye majani likiwa na mistari minene myeupe. Sanha alilitazama kana kwamba mtu amewasha taa.

"Hapana bwana," Kyutae alilalamika. "Hiyo ni kumrahisishia."

"Kaa basi ucheze wewe na hiyo mistari," alisema mama mdogo.

Kyutae alikaa kwa maringo. Joka lilimchoma kabla hajamaliza kutafuna tambi.

"Umeona? Mistari haijaling'oa joka hata jino moja," mama mdogo alisema. Hata Bomi alitabasamu.

Alhamisi Sanha alikufa mara kumi na mbili. Tofauti ni kwamba sasa alijua kila kilichomuua: huku alichelewa, kule aliruka mapema. Ijumaa alikufa mara sita. Mara ya saba joka lilianguka. Hakupiga kelele. Alikaa tu akipumua, na Kyutae akampiga mgongoni mpaka akakohoa.

Alipofika nyumbani alimweleza mama yake yote: kofia, kuchezewa, na pilipili. Mama alikaa kitandani na soksi mkononi.

"Miaka yote hii nakugombeza," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, baba. Wiki ijayo tutakwenda kwa daktari wa macho."

"Na kofia?"

"Kofia uliitoa mwenyewe, ibaki huko." Alichukua sindano na uzi, akaanza kutia fundo dogo kwenye kila soksi nyekundu, ili vidole vya Sanha viijue. "Sikiliza. Kusaidiwa kuona njia si aibu, na usiogope kuomba. Aibu ni kumtuma mwingine aitembee, halafu useme umefika wewe. Ungesema mapema kwamba unashindwa, ungelala usingizi wako."

Jumamosi asubuhi Sanha alipapasa kwenye droo, akapata mafundo mawili, akavaa soksi. Bado aliogopa kidogo. Lakini safari hii alikuwa akiliogopa joka tu.