Usinipe Mstari Unaofuata

Duka la fotokopi lililo nyuma ya chuo, pale Wandegeya, Kampala, siku za mitihani halina adabu. Watu wanasukumana, mashine zinanguruma, wino unanuka, na mwenye duka anamfokea kila mtu bila ubaguzi. Siku hiyo mvua ilikuwa imewasukumia ndani hata wale wasio na cha kunakili. Hajara alikuwa amebanwa kwenye kona, baibui lake jeusi limelowa pindoni, mtandio wa rangi ya haradali umemteleza, amekumbatia rundo la mitihani ya miaka iliyopita kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Dada, hiyo ya juu ilinitoa machozi mimi," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka, viatu vinang'aa katikati ya tope lote lile.

"Machozi ya furaha?"

"Ya kurudia mwaka."

Hajara alicheka bila kutaka. "Kiswahili hicho ni cha kambini."

"Baba yangu sajini. Mimi nilizaliwa ndani ya kambi, hata kulia nililia kwa Kiswahili. Na wewe, Kiswahili yako tamu hivi ni ya wapi?"

"Ya nyumbani, Old Kampala. Babu wa babu yangu alikuja huku na biashara kutoka pwani, akasahau njia ya kurudi."

Ningependa kukuambia kwamba mvua ile ilikuwa ya heri. Sitasema hivyo. Ilikuwa mvua tu, na waliokuwa ndani walikuwa watu wawili wapweke.

Jina lake Okwera, Tarcisio Okwera, amemaliza shahada ya fizikia na anangoja kupangiwa shule ya kufundisha. Hajara alikuwa ameingia chuoni kusomea fizikia, kwa mtihani wa watu wazima, baada ya miaka ya kupima vitambaa katika duka la baba yake. Sekondari alisoma historia, dini na Kiswahili. Si kwamba alipenda. Shule yao ya wasichana haikuwa na mwalimu wa fizikia, na maabara ilikuwa stoo ya magodoro. Alikuwa na nia moja tu moyoni: arudi shule ileile, magodoro yatolewe, wasichana wafundishwe. Chuo kilimpa mwaka mmoja aonyeshe kwamba anaweza. Akishindwa, mlango unafungwa.

"Huna msingi," Okwera alimwambia baada ya kumsikiliza. "Lakini hapana ogopa. Mimi nitakusaidia."

Wakawa wanakutana Bukoto, kwenye baraza ya ghorofa alikopanga Okwera, viti viwili vya plastiki, ubao mdogo ukutani na majirani wanapita na ndoo, ili mtu asije akasema kitu. Hapo ndipo Okwera alipouona uwezo wa Hajara, akapigwa na butwaa. Unampa mlinganyo wenye hatua ukurasa mzima, anaondoka nao, na Jumamosi inayofuata anasimama ubaoni na kuumimina wote, mstari kwa mstari, pasipo kukosea hata alama. Baba yake, Mwalimu Maftah, alikuwa na chuo cha Kurani uani, na Hajara alihifadhi juzuu zake akiwa bado na meno ya utotoni. Hivyo ndivyo alivyojua kujifunza: unasikiliza, unarudia, unakariri mpaka maneno yanatoka yenyewe. Na ukikwama, mwalimu anakupa neno moja, nawe unaendelea.

Alikwama mara mojamoja. Alisimama, chaki hewani, shingo imeinama kidogo.

"Sasa gawanya kwa mbili," Okwera alimnong'oneza.

"Eh, gawanya kwa mbili," na safari ikaendelea.

"Bambi jamani, wewe ni mashine!"

"Mashine haivai mtandio mzuri hivi."

"Hiyo kweli. Mtandio yako inanisumbua kabisa, mpaka nasahau hesabu."

Mapenzi yaliingia kwa mlango huo. Simu zikawa nyingi. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula. Wewe?" "Mimi nangoja sauti yako kwanza." Dini hawakuizungumzia. Mwalimu Maftah asingemkaribisha Tarcisio hata kwa chai, na wote wawili walilijua hilo, wakaliruka kama unavyoruka dimbwi huku ukijua utarudi kwa njia hiyohiyo.

Majaribio ya kwanza alifaulu vizuri, kwa sababu maswali yalikuwa yaleyale ya miaka iliyopita. Kisha ukaja mtihani wenyewe. Hajara alikuwa amehifadhi jiwe linalorushwa juu kutoka chini. Swali lilisema jiwe limerushwa kutoka juu ya paa. Alilisoma, akalisoma tena. Ndani ya kichwa chake mistari yote ilikuwepo, imejipanga safi, na hakuna hata mmoja aliojua autie wapi. Alianguka. Akaruhusiwa kurudia, akaanguka tena.

Dakta Akumu, mwalimu wao, alimwita ofisini. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Alimuuliza swali moja tu: jiwe likifika mwisho wa kupanda, likasimama kitambo, dunia inalivuta au hailivuti?

"Kileleni kasi ni sifuri," Hajara alisema haraka.

"Sikuuliza kasi."

Alingoja. Alikuwa akingoja kupewa neno, na ofisini mle hapakuwa na wa kumpa. Dakta Akumu alivua miwani yake, akamwambia kwa upole kwamba chuo hakitaweza kuendelea naye.

Okwera alikuwa nje, chini ya veranda, na andazi lililofungwa kwenye karatasi. Alimwona uso, akajua.

"Hapana kulia, Hajara."

"Ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba sielewi. Kwamba nakariri tu. Niangalie, Okwera."

Angeweza kudanganya. Kwa upande wake niseme hili, hakudanganya. "Nilijua. Toka mwezi ya pili."

"Na ukanyamaza!"

"Ulikuwa unafurahi sana. Mimi nikasema, nikimwambia, ataacha kuja. Jumamosi yangu itakuwa tupu. Niliogopa."

"Ulinipa neno kila nilipokwama. Kila mara! Ukaniita mashine." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Mwaka wangu mmoja, Okwera. Nilikuwa na mmoja tu, ukanichezea ili upate mtu wa kukaa naye barazani."

Andazi lilibaki mkononi mwa Okwera. Hajara aliondoka kwenye manyunyu bila kugeuka.

Hakupokea simu zake. Alirudi dukani, akapima vitambaa, akajibu wateja, akala kidogo. Mama yake alisema anakonda. Baba yake alisema elimu ya chuo kikuu si ya kila mtu, kisha akamwekea kipande kikubwa cha nyama bila kumtazama. Ujumbe wa mwisho wa Okwera ulisema amepangiwa shule Kitgum, huko kaskazini, anaondoka. Hajara aliusoma akaufuta, akalia nyuma ya majora ya kitambaa mpaka akajichosha.

Kila alasiri watoto waliimba masomo uani, na baba yake akiwafungulia penye kukwama. Siku moja alimsikia msichana mmoja akisimama katikati ya aya, akivuta pumzi taratibu, akingoja. Si kwamba amesahau. Alikuwa mvivu wa kukumbuka, naye anajua neno litakuja. Hajara aliutambua ukimya ule, akaona haya. Ulikuwa wake mwenyewe, wa kule Bukoto. Alisimama hivyo mara nyingi, shingo imeinama, kwa kuwa alipenda kunong'onezwa.

Akachukua simu.

"Hajara?" Sauti ilikuwa ya mtu asiyeamini.

"Kitgum wanakulisha?"

"Wananilisha. Shule iko na ubao, iko na wanafunzi. Maabara haiko."

"Basi umefika kwetu."

Walicheka kidogo, kicheko kikafa. "Nisamehe," Okwera alisema. "Mimi nilikukosea vibaya."

"Ulinikosea. Nami nilijikosea, nilikuwa nakwama makusudi." Alilisukuma jora pembeni. "Nimejiandikisha darasa la jioni. Hesabu za sinia tatu, yaani kidato cha tatu, na watoto wanaoniita auntie. Niulize lile swali la jiwe ambalo Dakta Akumu huuliza kila mwanafunzi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na usinipe mstari unaofuata, hata nikinyamaza mpaka simu izime."

Okwera aliuliza polepole. "Jiwe imefika mwisho wa kupanda. Imesimama. Hapo juu, dunia inaivuta ama haiivuti?"

"Kileleni kasi ni—" Hajara alijiziba mdomo. Mistari ilikuja mbio kama ilivyozoea, akaifukuza. Palipokuwa na mnong'ono wa Okwera zamani sasa palikuwa patupu, na paliuma. Alichukua kidonge cha uzi mezani, akakirusha kuelekea dari. Kilipanda, kikasita, kikarudi kiganjani. Akarusha tena. Mteja aliingia, akaulizia kanga, hakujibiwa, akatoka. Kwenye simu palisikika pumzi tu. Okwera alikuwa amejiuma midomo huko alikokuwa. Hakutoa hata herufi.

"Kama ingeacha kulivuta," Hajara alisema hatimaye, neno moja moja, "lingebaki kulekule juu."

Kimya.

"Okwera, upo?"

"Nipo."

"Linavutwa. Limesimama, lakini linavutwa vilevile, nguvu haijapungua hata kidogo." Alikibana kidonge kiganjani. "Ndivyo?"

"Wewe unaonaje?"

Alikitazama kidonge cha uzi. Chuo kilikuwa kimemfungia mlango, Kitgum kulikuwa mbali, na huko uani baba yake alikuwa bado ni Mwalimu Maftah. Hakuna kilichobadilika.

"Ndivyo," alisema, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Usikate. Niulize lingine."