Ng'ombe Walishavuka Songwe

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Hunyesha asubuhi, ikapumzika watu wanywe chai, kisha ikarudi mchana kana kwamba ilisahau kitu. Tusekile alikuwa ameshaizoea. Kila siku alimfunga mtoto mgongoni, akabeba ndizi zake za kupika hadi kando ya barabara ya mtaa wao, Msasani, akazifunika kwa nailoni na kukaa kusubiri wateja. Watu walimpenda kwa ucheshi wake. Ukibishana naye bei kupita kiasi alikuambia, "Chukua bure basi, halafu mimi na wanangu tuje kula kwako."

Mumewe, Ambindwile, alikuwa fundi pikipiki. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila ubishi alijaliwa. Akishasema jambo, limekwisha. Walikuwa na watoto wawili, Tulia aliyekuwa darasa la tatu, na Baraka, yule wa mgongoni.

Tusekile alizaliwa Kaporo, wilaya ya Karonga, nchini Malawi. Lakini nani angejua? Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku wanasikilizana lugha. Majina ni yale yale, na hata kilio cha msibani ni kile kile. Kati yao kuna mto Songwe tu.

Mwanzoni Tusekile na mumewe waliishi Kyela. Huko mchungaji wao aliwasaidia kupata kibali cha ukaazi, yaani ruhusa ya serikali ya kumwezesha mgeni kuishi nchini. Kibali kilikuwa na tarehe ya mwisho, na Uhamiaji walijua anakaa Kyela. Kisha mafuriko yakaharibu mpunga wao, wakahamia Tukuyu. Walihama na vyungu, magodoro na kuku. Taarifa hawakumpa mtu yeyote, si kule walikotoka wala huku walikofika.

Kibali kilipokaribia kuisha, Tusekile alimkumbusha mumewe wakati wa kifungua kinywa.

"Baba Tulia, kile kibali changu kinaisha. Tena tumehama. Si twende Uhamiaji tukawaambie?"

Ambindwile aliweka kikombe chini. "Tukawaambie nini? Kwamba nimeoa mgeni?"

"Kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni mke wangu. Ng'ombe wa mahari walishavuka Songwe, mchana kweupe, watu wakiona. Baba yako akawapokea. Leo nikakuandikishe mgeni? Wazee wa kwetu watanicheka, na wa kwenu wataona nimewatukana."

Tusekile alicheka. Kusema kweli, maneno yale yalimpendeza. Mwanamke aliyeolewa mbali anapenda kuambiwa kwamba hapa ni kwake. Akairudisha pasipoti sandukuni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka ukapita, na zaidi. Siku moja ya Jumatano, Tusekile akiwa kwenye ndizi zake, simu iliita. Alikuwa kaka yake, Hosea.

"Dada, mama hali mbaya," Hosea alisema. "Chakula hakipiti. Kila saa anakutaja wewe. Njoo."

Tusekile hakukumbuka hata kufunika ndizi. Alifika nyumbani, akafungua sanduku, akatoa pasipoti. Alipoona tarehe ya kibali, aliketi chini. Alijua kilikuwa kimekwisha, lakini kujua wakati unacheka na kujua wakati mama yako anakuita ni mambo mawili tofauti.

Siku hiyo shemeji yake, Nelson, mdogo wa Ambindwile, alikuwa amekuja kutoka Kyela. Alimkuta Tusekile ameshika tama.

"Shemeji, unahangaika nini?" Nelson alisema. "Daraja la mpakani pale Kasumulu ni la wenye magari. Mimi najua mahali kuna mtumbwi. Kufumba na kufumbua uko ng'ambo. Watu wangapi wanapita pale?"

Tusekile alianza kufunga nguo kwenye kanga. Ambindwile alipofika, naye aliona ni sawa. Mlango wa pili alikaa jirani yao, Mama Belinda. Alikuwa mtu wa Singida, mumewe muuguzi, na yeye mwenyewe alikuwa msaidizi wa kisheria, anayewaeleza watu sheria bila malipo. Alisikia vishindo vya safari, akaja kuuliza kuna nini. Wakamweleza yote.

"Pole sana, Mama Tulia," alisema, akaketi. "Sitakukataza kwenda kwa mama yako. Nataka tu ujue kilicho mbele yako kabla hujatoka. Kibali chako kimekwisha, na makazi umehama bila kutoa taarifa. Hayo ni makosa mawili. Ukivuka kwa mtumbwi bila kupita kituo cha mpaka, unaongeza la tatu."

"Lakini ni mke wangu!" Ambindwile alisema. "Mahari nilitoa yote."

"Ndoa ni jambo moja, Baba Tulia, na uraia ni jambo jingine. Kuolewa na Mtanzania hakumfanyi mtu Mtanzania papo hapo. Mke anaweza kuomba uraia. Lakini mpaka apewe, kwa sheria yeye ni mgeni, na mgeni lazima awe na kibali kilicho hai. Akihama, anawaambia Uhamiaji. Na serikali ya mtaa anakohamia nayo ijue."

"Mgeni, mgeni," Ambindwile alinung'unika. "Ni tusi hilo."

"Mbona mimi mnaniita mgeni kila siku kwa sababu natoka Singida, na sijanuna?"

Nelson alicheka. Ambindwile hakucheka.

"Wakimkamata itakuwaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anaweza kutozwa faini. Anaweza kushtakiwa. Anaweza kurudishwa kwao na kuzuiwa kuingia tena. Akienda ofisini mwenyewe, kosa bado lipo, siwezi kukudanganya. Lakini anayejipeleka husikilizwa vizuri kuliko anayekutwa mtoni."

Tusekile alimtazama Baraka aliyekuwa akitambaa sakafuni. Kuzuiwa kuingia tena. Alifungua kanga, akazitoa nguo moja moja.

"Twende huko ofisini," alisema. "Lakini twende upesi."

Kesho yake walianza kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliwasikitikia, akawaandikia barua ya kuwatambulisha. Kutoka hapo walikwenda Uhamiaji, Mama Belinda akiwa pamoja nao. Walipokelewa na afisa wa kike, mtu mpole lakini asiye na haraka.

"Huyu ni nani?" alimuuliza Ambindwile.

"Mke wangu."

"Raia wa wapi?"

Ambindwile alitazama viatu vyake vyenye oili. Ikabidi Tusekile ajibu mwenyewe.

"Malawi, mama. Kaporo."

Afisa aliangalia pasipoti, akatafuta kwenye kompyuta, akapiga simu Kyela. Alipomaliza kuongea, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Jalada lako liko Kyela," alisema. "Kibali kilipoisha walikwenda kukutafuta kwenye nyumba mliyokuwa mkikaa. Hawakukuta mtu. Umeandikwa kwamba hujulikani ulipo. Siwezi kukuruhusu uondoke hivi hivi mpaka Kyela walete jalada na suala lako liamuliwe."

"Mama yangu anakufa," Tusekile alisema.

Afisa aliweka pasipoti mezani. "Pole, dada yangu. Nakuamini. Ungetujulisha ulipohama, jalada lingekuwa hapa, na leo hii tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Nitawahimiza. Lakini leo haitawezekana, na Jumamosi na Jumapili hatufungui."

Walirudi nyumbani. Ijumaa walikwenda tena. Jalada lilikuwa bado halijafika.

Jumamosi asubuhi simu iliita. Tusekile aliitazama tu ikilia, kwa sababu alijua. Ambindwile ndiye aliyepokea. Alisikiliza, akasema "Ndaga, shemeji, ndaga," yaani pole, akazima. Tusekile aliketi chini kwenye sakafu, akafungua kinywa, akamlilia mama yake kwa Kingonde. Wanawake wa Msasani waliosikia kilio kile walikielewa vizuri, wakaacha shughuli zao, wakaja.

Mchana Nelson alimvuta pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu, maana naye alikuwa na huruma.

"Shemeji, mazishi ni kesho. Mwana wa kike wa kwanza hakosi kumzika mama yake. Twende mtoni sasa hivi. Ya Uhamiaji yatajulikana baadaye."

Tusekile alisimama. Alijifunga kanga kiunoni, akafika mpaka mlangoni. Miguu ilitaka kwenda, na moyo ulikuwa umeshafika Kaporo. Kisha akamwona Tulia amembeba Baraka, wote wawili wanamtazama yeye.

"Shemeji, mimi nimeshamkosa mama," alisema. "Na hawa wamkose wao? Nenda wewe. Ukanirushie udongo."

Akarudi kuketi sakafuni.

Nelson alikwenda kupitia Kasumulu, na hati yake ya kusafiria mkononi. Jumapili mama akazikwa. Hosea alipiga simu ili dada yake asikie nyimbo. Wanawake wa Msasani walipozisikia waliziitikia, kwa kuwa ni nyimbo wanazoimba wao pia. Simu ilikuwa juu ya mkeka, katikati yao. Tusekile aliinamisha kichwa karibu nayo. Alisikia majembe, alisikia udongo, na alisikia baba yake, Mzee Alinanuswe, akiuliza kwa sauti ya kuchoka, "Tusekile hajafika?" Kisha salio la Hosea likaisha.

Ambindwile alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila kitu. Alitoka nje kwenye mvua, akalia kama mtoto.

Wiki iliyofuata jalada lilifika. Tusekile alieleza ukweli wote bila kupunguza. Kwa kuwa alikwenda mwenyewe, ana ndoa halali na watoto, na hakuwa amevuka kwa njia ya wizi, hakupelekwa mahakamani. Alitozwa faini. Pale nje ya ofisi kulikuwa na kijana mmoja aliyejidai anaweza "kulisukuma" suala lao wakimpa chochote. Mama Belinda alimtazama mpaka akaondoka.

"Pesa ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu," aliwaambia. "Ukimpa mtu mkononi, umeitupa. Na risiti msiipoteze."

Walilipa, wakaomba kibali kipya, wakaandikisha kwamba sasa wanakaa Msasani. Kibali kilipotoka, Tusekile na Ambindwile walipanda gari la Kyela, wakafika Kasumulu. Afisa wa mpaka aligonga muhuri, akamrudishia pasipoti, akasema, "Safari njema, mama." Mambo yakawa yamekwisha. Tusekile alisimama pale darajani akashindwa kusonga. Alitegemea vizuizi, maswali, hata kufokewa. Kumbe mlango ulikuwa mwepesi kiasi hiki.

Kaporo walikuta kaburi limeshaanza kuota majani. Ambindwile alipiga magoti mbele ya Mzee Alinanuswe.

"Baba, ni mimi niliyemchelewesha. Niliona aibu kumwandikisha mgeni."

Mzee aligeukia kaburi.

"Aliolewa, mwanangu," alisema. "Lakini mama yake alibaki huku. Ulifikiri atakuja vipi kumwona?"

Ambindwile aliinama, akaanza kung'oa majani juu ya kaburi.

Miezi miwili baadaye kulikuwa na mkutano wa mtaa wa Msasani. Mwenyekiti aliwaomba wenye wageni katika nyumba zao watoe taarifa, hasa wageni waliotoka nje ya nchi. Watu walitazama chini, kama kawaida. Ambindwile akasimama. Tusekile, aliyekuwa amekaa na wanawake, aliinua kichwa.

"Mimi nina mke mgeni," Ambindwile alisema kwa sauti iliyofika nyuma. "Ni raia wa Malawi. Ana kibali, na mwaka huu tutaulizia taratibu za kuomba uraia. Mwaka jana niliona aibu kusema maneno haya. Kwa aibu yangu, hakumzika mama yake. Mwenye mke kama wangu asifanye kama mimi."

Hakuna aliyecheka. Wazee aliokuwa akiwaogopa walitikisa vichwa kwa masikitiko, na mmoja akamsogezea kiti.

Kesho yake asubuhi mwanamke kijana alikuja kwenye ndizi za Tusekile. Aliitwa Agness, mke wa mchoma matofali. Alichagua ndizi, akazirudisha, akachagua tena.

"Dada," alisema mwishowe, "mimi natoka Chitipa, Malawi vile vile. Kibali changu kiliisha mwezi uliopita. Mume wangu anasema tungoje kwanza."

"Umeshawahi kwenda kujieleza?"

"Naogopa faini."

"Utaogopa, na pengine utalipa. Mimi nililipa. Lakini ukienda leo, kosa ni la mwezi mmoja. Ukingoja, linakua kila siku." Tusekile alimtazama. "Mama yako yupo?"

"Yupo. Anasumbuliwa na miguu tu."

Tusekile alizifunika ndizi kwa nailoni, akamwomba muuza maharage wa jirani amwangalizie, akamkaza Baraka mgongoni.

"Kachukue pasipoti," alisema. "Twende sasa hivi."