Mbili Kati ya Kumi

Kila mwaka, asubuhi baada ya mafahali wa karatasi kuchomwa barabarani kwa fataki, watoto wa Tultepec, mji wa mafundi baruti, hushika mifagio na ndoo za maji. Kazi yao ni kuokota fataki ambazo hazikulipuka na kuzitosa majini. Maricruz, msichana wa miaka kumi na miwili, aliijua kazi hiyo tangu utotoni. Mwaka huu, hata hivyo, alitaka kutengeneza fahali wake mwenyewe. Akaficha fataki tatu ndani ya fulana, akaenda nazo uani, akaanza kuchokoa baruti kwa kijiko cha chuma.

Chuma jamani! Na mjukuu wa fundi baruti anajua fika kwamba baruti haiguswi ila kwa kijiti. Cheche moja tu ilitosha. Mlipuko ukamrusha ukutani, ngozi ya mkono wake wa kulia ikababuka kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Majirani walimkuta ameuma meno, hata chozi hana, wakamsifu. Katika familia za baruti, mtoto anayelia kwa kuungua anauaibisha ukoo.

Hospitalini, jeraha lilitakiwa kuoshwa kila asubuhi. Muuguzi Obdulia, mama mnene asiye na haraka, alimwuliza maumivu yake ni kiasi gani, toka sifuri hadi kumi.

"Mbili," akajibu Maricruz.

Akapewa dawa ya kutuliza maumivu ya kiwango hicho. Bandeji ilipoanza kubanduliwa kwenye nyama mbichi, ikawa vita. Alimpiga Obdulia teke la tumbo, akamng'ata mhudumu mpaka damu ikatoka, akapindua trei ya vifaa. Watu wanne walimkandamiza kitandani, na bado wakashindwa kumaliza. Ikawa hivyo siku nne mfululizo, na kila asubuhi jibu lake lilikuwa mbili. Siku ya tano alimsikia daktari akimwambia babu yake, Fermín, kwamba jeraha limeanza kutunga usaha. Lisiposafishwa vizuri, vidole vitakatwa. Maricruz aliogopa mno, lakini hakumwambia mtu.

Kesho yake akaja Jacinto, mtabibu wa muziki, anayewatuliza wagonjwa kwa nyimbo, mzee mwenye upara na gitaa. Maricruz alimwambia apeleke gitaa lake harusini. Jacinto akajibu kwamba huko wameshamchoka, kisha akamwuliza bendi hupiga wimbo gani mafahali wanapokimbizwa. Maricruz akautaja kwa shingo upande.

"Nitaupiga huku nikikufuata wewe," akasema Jacinto. "Ukipiga kelele, nitapiga kwa nguvu. Ukipumua taratibu, nami taratibu. Ila ukijibana kimya, sina cha kufuata."

"Kwetu mtu halii," akasema Maricruz.

Babu Fermín, aliyekuwa ameketi mlangoni, akainuka na kuutoa mkono wa kushoto mfukoni. Ulikuwa na vidole vitatu. Siku zote Maricruz aliambiwa kwamba roketi ya fataki ndiyo iliyoviondoa vingine.

"Roketi iliviunguza tu," babu akasema. "Nilikuwa na umri wako. Siku nane nilisema haiumi, huku vinaoza ndani ya kitambaa. Vilipokatwa, ukoo mzima ulinisifu."

Maricruz aliutazama mkono ule. Kisha akamgeukia Obdulia. "Kumi," akasema.

Obdulia aliongeza dawa, akangoja ishike. Bandeji ilipovutwa, Maricruz alipiga ukelele uliofika ukumbini, na Jacinto akazicharaza nyuzi kwa kasi ileile. Msichana akapiga kitanda kwa kisigino, gitaa likamfuata. Kidogo kidogo Jacinto akapunguza mwendo, na pumzi ya Maricruz ikapungua pamoja naye. Iliuma, asikudanganye mtu. Machozi yalimtiririka, lakini hakuna aliyepigwa teke, na kwa mara ya kwanza jeraha likaoshwa lote.

Wiki sita baadaye alikuwa akijiandaa kwenda nyumbani, vidole vimepinda kidogo lakini vyote vitano vipo. Babu akamwambia, "Baruti iguse kwa kijiti, mjukuu wangu. Na anayekutibu mwambie ukweli, maana hawezi kutibu ulichomficha."

Obdulia akamtania mzee: je, mkono wake yeye unauma kiasi gani?

Babu Fermín alifungua kinywa kujibu kama alivyozoea, akakutana na macho ya mjukuu wake.

"Siku za baridi," akasema polepole, "ni sita."