Kontena la Safu ya Nje

"Shangazi anauliza kama sukari imefika."

Sindano aliibana simu ya setilaiti, Iridium, kati ya sikio na bega huku akifunga kamba za buti.

"Mwambie iko mlangoni."

"Basi itashuka leo. Kaa macho."

Simu ikakatika.

Kwa siku kumi na moja alikuwa baharia wa sitaha kwenye meli ya makontena, na sauti hiyo ndiyo pekee iliyojua yeye ni nani hasa. Hata hiyo haikumwita kwa jina alilopewa na mama yake. Idara ya ujasusi ilimwita Sindano, ikamtuma atafute bunduki mia nne ndani ya kontena moja kati ya elfu mbili. Alilipata siku ya sita, kwenye safu ya nje upande wa kushoto, akalibandika kifaa cha kufuatilia kidogo kama kifungo cha shati. Kilichobaki ni kumjua mpokeaji.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nchi kavu ilikuwa maili sita mbele na mawimbi yalikuwa mabaya.

Redio ya Motorola kiunoni mwake ikakoroma. Alikuwa ofisa mkuu, msaidizi wa nahodha, akiongea kutoka chumba cha usukani.

"Serahangi! Fungueni safu ya nje, kushoto, sehemu ya kumi na nne. Sasa hivi."

Serahangi, kiongozi wa mabaharia wa sitaha, alikuwa amesimama karibu na Sindano. Akainua redio yake taratibu.

"Bwana ofisa, hiyo ni kazi ya makuli. Watapanda wenyewe tukishafika gatini."

"Tunaokoa muda. Hutaki, mkataba wako nauchana leo."

Mzee akaguna. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na binti aliyekuwa anamalizia masomo ya uuguzi. Mabaharia wengine walimwona Sindano mtu wa kujitenga, wakamwacha na upweke wake. Serahangi peke yake ndiye aliyemwekea kikombe cha chai kila asubuhi na kumtania: "Wewe mwanangu umeoa ukimya. Mahari ulitoa ngapi?" Sindano hakuwahi kumjibu, lakini kila asubuhi alikisubiri kile kikombe.

"Shemeji yangu alifia kazi hii hii," Serahangi alisema akivaa glavu. "Meli iliyumba, kontena likambana. Walituletea rambirambi na kofia yake."

"Usiende, mzee."

"Nirudi nyumbani niseme nini?"

Akaenda, na baharia mmoja nyuma yake.

Sindano alibaki akiwatazama. Kuna kitu hakikumkaa sawa. Makontena hushikiliwa na fimbo za chuma zilizokazwa kwa skrubu, na kufuli kwenye kila pembe. Anayeokoa muda hufungua sehemu nzima. Hakuna baharia mwenye akili zake anayefungua safu moja tu, tena ya ukingoni, meli ikiwa bado inasukwasukwa baharini.

Labda awe anataka ianguke.

Akageukia kushoto. Boti nyeupe, injini mbili za Yamaha, ilikuwa imetulia mbali kidogo kama inayosubiri abiria. Wakati huo huo sitaha ikaanza kuinama. Meli ilikuwa inageuzwa ubavu uelekee mawimbi.

Sindano akaelewa. Kontena lingetumbukia, na kila mtu angeiita ajali. Ndani lingekuwa na maboya ya kulizuia lisizame. Boti ingelivuta, na forodha wasingeliona kamwe.

Serahangi alikuwa kwenye uchochoro ulio chini yake.

Akabonyeza Iridium.

"Watalidondosha baharini. Nalizuia."

"Liache lianguke. Litatupeleka kwa mkubwa wao."

"Kuna watu wawili chini yake."

"Sindano, hilo ni agizo."

Akaizima.

Akaigeuza Motorola kwenye chaneli ya kumi na sita, ile inayosikika kwenye kila meli na kila ofisi ya bandari, akaanza kukimbia.

"Bandari, bandari! Mabaharia tunalazimishwa kufungua makontena baharini. Tumegoma!"

Sauti nzito ya msimamizi wa makuli ikaingia bila salamu.

"Nani anagusa kazi yetu? Mwambieni nahodha wenu, mtu akifungua hata skrubu moja zaidi, meli hiyo haipakuliwi. Itaota kutu hapo nje!"

Sindano aliingia uchochoroni. Kufuli na fimbo tatu zilikuwa zimeshafunguliwa na ya nne ilikuwa imejikaza mpaka inalia. Yule baharia mwingine alimpita mbio. Serahangi alikuwa ameganda, mikono juu ya skrubu.

"Mzee! Toka!"

Hakutoka. Sindano akamshika ukosi, akamvuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka pamoja. Fimbo ikafyatuka na kupiga pale kilipokuwa kichwa cha mzee.

Chuma kikalia juu yao. Safu nzima ikainama.

Redioni nahodha alikuwa anafoka: "Nani kageuza meli yangu?" Polepole pua ya meli ikarudi kuyakabili mawimbi, na safu ikarudi mahali pake.

Ofisa mkuu akatokea mwishoni mwa uchochoro na bastola ya Beretta mkononi. Alikuwa amekuja kuimalizia kazi mwenyewe. Sindano aliokota fimbo na kumpiga kifundo cha mkono mara moja tu, bastola ikaanguka.

Boti nyeupe ikageuka na kutimka.

Adhuhuri makuli walipanda na kofia zao na vyuma vyao, wakafungua sehemu nzima, safu kwa safu, meli ikiwa imetulia. Kontena la bunduki lilishushwa mbele ya polisi. Ofisa akafuata, amefungwa pingu.

"Umetupotezea mkubwa wao," Idara ilisema alipoiwasha tena Iridium.

"Mna bunduki mia nne."

"Kuna meli nyingine, wiki ijayo. Jina jipya, paspoti mpya."

Serahangi alimkuta kwenye ngazi na begi lake.

"Binti yangu anahitimu mwezi ujao. Nataka akuone. Nipe namba yako, mwanangu."

Sindano alimtajia namba. Mzee aliiandika kwa hati kubwa, akairudia mara mbili asije akakosea, akampigia palepale ili kuhakikisha. Simu ndogo ya Nokia ikaita mfukoni mwa Sindano, wote wawili wakacheka.

Akashuka bila kugeuka. Nje ya geti la bandari aliitoa laini ya ile Nokia, akaivunja vipande viwili, akavitupa mtaroni.

Iliuma kuliko alivyotarajia. Akavaa miwani ya jua, akavuka barabara.