Kiu ya Muuguzi, Njaa ya Mgonjwa

Asubuhi huko Skuta, mtaa wa Nyeri, baridi huuma masikio. Wangui alivaa sare yake ya uuguzi, akaongeza sweta juu yake. Mume wake, Mwai, alikuwa ameshachemsha chai ya maziwa. Akajaza kikombe, akakisukuma mezani.

"Kunywa."

"Sitaki."

"Kila siku sitaki, sitaki. Ati chai yangu iko na sumu?"

Wangui akacheka. "Chai yako ni tamu, Mwai. Shida ni pale itataka kutoka."

Akabeba mkoba wake, akaenda kazini na koo kavu.

Wangui alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya milimani. Mwenzake alikuwa amehamishwa miezi kadhaa iliyopita. Hakuna mwingine aliyeletwa. Kwa hiyo asubuhi nzima alibaki peke yake. Choo cha wafanyakazi kilikuwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya stoo. Akienda huko, nani angebaki na wagonjwa? Basi akapata dawa yake mwenyewe: hakunywa kitu. Alijinyima maji kama mtu anayefunga, ingawa hakuna dini iliyomwamuru. Mkojo ukimbana, alikaza mwili. Kiuno kilimuuma. Kichwa kilimgonga. Akikojoa jioni, alihisi moto.

Alijisifu kwa hayo. "Mimi ni mvumilivu," alisema.

Nani alimfundisha uvumilivu huo? Wakati wa korona, wauguzi waliitwa mashujaa. Walipigiwa makofi. Wengine walizikwa haraka haraka, watu wakitazama kwa mbali. Makofi yalipoisha, hakuna mkubwa aliyeuliza shujaa anakula saa ngapi. Wako waliosahau mambo hayo. Wako ambao hawatasahau.

Katika wodi hiyo, kitanda cha dirishani kilikuwa cha Mzee Gicheru, mkulima wa kahawa kutoka Othaya. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Sukari ilikuwa imemletea kidonda kwenye wayo. Daktari alimkataza kabisa kukanyaga chini.

Siku ya kulazwa, mzee alimwuliza muuguzi jina lake.

"Naitwa Wangui, baba."

Uso wa mzee uling'aa. "Wangui! Hiyo ni jina ya mama yangu! Basi wewe ni maitu."

Maitu ni mama kwa Kigikuyu. Kwa watu wa huko, mtoto hurithi jina la nyanya yake. Anayebeba jina la mama yako unaweza kumwita mama, hata kama ni mdogo kwako. Wodi nzima ilicheka kumsikia mzee mwenye mvi akimwita msichana mama. Wangui alifurahi. Hakujua kwamba heshima hiyo ingekaribia kumwua mzee.

Asubuhi ile Wangui alifika kitandani na sindano ya insulini. Insulini ni dawa ya kushusha sukari mwilini. Anayedungwa ile ya wakati wa chakula lazima ale.

"Baba, umekula?"

"Nimekula, maitu. Angalia kikombe."

Kikombe cha uji kilikuwa kitupu. Wangui alimdunga, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Alikuwa akifunga bendeji aliposikia kelele. Aliyepiga kelele ni Kim, kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu. Kitanda chake kilikuwa karibu na cha mzee.

"Sista! Sista, kuja! Huyu buda anaongea na ukuta!"

Wangui akakimbia. Mzee Gicheru alikuwa ameloa jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Mikono ilitetemeka. Macho yalitazama lakini hayakuona.

"Nani amefungulia ng'ombe?" mzee alisema. "Ng'ombe iko kwa barabara! Mwambie maitu aishike!"

Wangui alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ya kupima sukari. Akasoma. Akasoma tena. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka mahali pa kuua.

"Haiwezekani," alisema. "Lakini alikula!"

Alikoroga sukari kwenye maji. Mzee akauma meno. Kisha macho yakageuka, mwili ukalegea. Wangui akaweka kikombe chini. Mtu asiyeweza kumeza hamwagiliwi kitu mdomoni. Kitaingia mapafuni. Mtu kama huyo anahitaji maji ya sukari kwenye mshipa, na upesi.

Akanyoosha mkono kuchukua chupa ya maji ya sukari. Hapo wodi ikazunguka. Dirisha likaenda juu, vitanda vikaenda chini. Wangui akaanguka. Kichwa kiligonga chuma cha kitanda.

Kim alipiga ukelele uliosikika mpaka getini.

"Wamekufa! Wote wawili wamekufa! Ngai! Kwani hii hospitali haina watu?"

Aliyekuja mbio ni Sista Subira, msimamizi wa wodi, mama Mwislamu wa mjini Nyeri. Alikuwa ameitwa kwenye mkutano, kama asubuhi nyingi. Alimwona Wangui sakafuni. Akaona kifua kinapanda na kushuka. Basi akamruka. Afanyeje? Aliyekuwa akifa ni mzee. Akatafuta mshipa, akaingiza maji ya sukari.

Baada ya muda mzee akafumbua macho.

"Kwani mmenipeleka wapi?" akauliza.

Wangui naye alizinduka. Alisikia sakafu baridi. Halafu akasikia kitu kingine. Sare yake ilikuwa imelowa. Mkojo aliouzuia miezi yote hiyo ulikuwa umetoka wenyewe, mbele ya wodi nzima ya wanaume.

Hakuna aliyecheka. Kim aligeuza uso. Mgonjwa mmoja alitupa blanketi lake sakafuni. Wangui akajifunika, akalia.

Habari huko hazina miguu lakini zinakimbia. Kabla Wangui hajamaliza kubadilisha nguo, Watiri, binti wa mzee, aliyekuwa njiani kumletea baba yake uji, alikuwa ameingia wodini. Alishika chupa ya uji kama anayeshika rungu.

"Ni nani alitaka kuua baba yangu?"

Nyuma yake alikuja Bwana Mathenge, mkubwa wa utawala hospitalini. Alivaa tai. Hakuwahi kuonekana wodini saa hizo.

"Mama, pole sana," alimwambia Watiri. "Huu ni uzembe. Huyu muuguzi nitamsimamisha kazi leo leo."

Wangui hakuamini masikio yake. "Bwana Mathenge, mzee aliniambia amekula. Niliona kikombe."

"Uliona kikombe. Uliona akila?"

Wangui akakitazama kikombe. Hakuwa ameona.

Kim akakohoa.

"Uji ni mimi nilikunywa," alisema.

Watu wote wakageuka.

"Wewe?" Watiri akauliza.

"Hunipea kila asubuhi. Na chakula ya jioni pia. Kwanza alikuwa anabakisha kidogo, leo amenipea yote. Mimi nilidhani ananipenda."

"Unakula chakula ya mgonjwa, na unanyamaza!"

"Mathe, hata mimi ni mgonjwa. Na nani hukataa uji?"

Watiri aliinua chupa. Subira akamshika mkono.

"Utampiga baadaye, dada," alisema. "Kwanza tujue kwa nini mzee anagawa chakula chake."

Subira akavuta kiti cha wageni, akaketi karibu na kitanda. Wangui alishangaa. Hakuwahi kumwona muuguzi akiketi na mgonjwa. Tangu zamani ilisemwa muuguzi akiketi ni mvivu. Kiti cha meza ya wauguzi chenyewe kiliondolewa na matroni mmoja, mkuu wa wauguzi, miaka mingi iliyopita, na hakikurudi.

"Baba Watiri," Subira alisema. "Kidonda tumekiuliza habari kila siku. Leo nataka habari yako wewe."

Mzee alitazama ukuta. "Watoke."

"Nani?"

"Maitu. Na huyu msichana yangu."

Wangui na Watiri wakatoka. Lakini mlango wa wodi haukufunga vizuri, na sauti ya mzee iliwafikia.

"Mimi siwezi kutembea. Mtu akikula, lazima aende haja. Hapa chombo ya haja inaletwa na yule msichana. Yeye ni mtoto yangu, na ni mama yangu. Nitajifunua aje mbele ya mama yangu? Ati anipanguse? Hapana. Ni afadhali nisikule."

"Kwa nini hukusema?"

"Mtu anasema aje maneno kama hayo? Hakuna mtu aliniuliza."

Nje, Watiri aliweka mkono mdomoni. "Uui, baba yangu!"

Wangui alishika ukuta. Huo ulikuwa ugonjwa wake mwenyewe! Mzee aliogopa chombo, yeye aliogopa kuacha wodi. Wote wawili walikuwa wamefunga midomo, na wodi moja imewatazama wakikauka. Hakungoja kuitwa. Aliingia.

"Baba, hata mimi sinywi maji hapa. Ili nisiende choo."

Mzee alimtazama sana. "Hata wewe? Na wewe uko na miguu?"

Kim akaangua kicheko, akafunika uso na shuka. Hata Wangui alicheka, machozi yakimtoka.

Subira hakucheka. Alisimama akazungumza kwa hasira.

"Sikilizeni. Mtu si kidonda. Mtu ni mwili, ni moyo, ni heshima yake, ni watu wake wa nyumbani. Ukitibu mguu ukaacha aibu, aibu itamwua ukiwa na bendeji mkononi. Na muuguzi ni mtu. Asipokunywa maji, anapata maambukizi ya njia ya mkojo. Anapata kizunguzungu. Akili yake inachelewa. Muuguzi mwenye njaa ni hatari kwa mgonjwa kama dereva mwenye usingizi."

Kisha akamgeukia Wangui. "Na wewe ulikosea, mwanangu. Insulini ya chakula haidungwi kwa sababu ya kikombe kitupu. Sahani iwe mbele ya mgonjwa. Aanze kula ukimwona. Asipoweza kula, usidunge. Mwite daktari."

"Nimesikia, sista," Wangui alisema.

"Mwenyewe amekubali makosa," Bwana Mathenge alidakia. "Basi, barua ya kusimamishwa..."

"Barua gani?" Watiri akamkata. "Ngoja kwanza. Huyu msichana yuko peke yake na wodi nzima? Akitaka choo, nani anashika wodi?"

"Mama, hayo ni mambo ya utawala. Hatuna watu."

"Hamna watu?"

"Hatuna."

"Sawa," Subira alisema. "Huyu hawezi kuendelea na kazi. Ameanguka, ameumia kichwa. Ninampeleka kwa daktari sasa hivi. Bwana Mathenge, wewe baki hapa na wodi."

Mathenge akarudi nyuma. "Mimi? Mimi si muuguzi!"

"Basi tafuta aliye muuguzi."

Mzee mmoja kitanda cha mwisho akaita, "Kijana wa tai! Niletee chombo!"

Bwana Mathenge alitoa simu mfukoni kama mtu aliyeungua, akapiga. Kabla Subira hajamaliza kumvalisha Wangui sweta, muuguzi mwingine aliingia mbio. Aliitwa Peterson, wa wodi ya upasuaji.

Wangui alimtazama. Akamtazama Mathenge. Miezi yote hiyo aliambiwa hakuna mtu. Kumbe mtu alikuwepo. Alikuwa umbali wa simu moja.

"Kwa hivyo wako," Watiri alisema polepole. "Mliwaficha wapi?"

Mathenge alirudisha simu mfukoni, akatoka. Barua haikuandikwa.

Daktari alimpima Wangui. Akakuta maambukizi kwenye mkojo, na mwili uliokauka maji. Akampa dawa na mapumziko. "Ungechelewa, figo zingeumia," alimwambia. Jioni Wangui alimweleza Mwai. Mumewe alikuwa akidhani mke wake ni mtu wa maringo tu. Hakujua amekuwa akiishi na mgonjwa.

Wangui aliporudi kazini, wodi ilikuwa imeanza kubadilika, lakini kwa kusukumwa. Watiri alikuwa ameleta wanawake wa kikundi chake kutoka Othaya. Walikaa mbele ya ofisi ya Mathenge mpaka vyuma vya mapazia vikanunuliwa, na Peterson akapangiwa kusaidia wodi hiyo. Mapazia walishona wenyewe. Sasa mgonjwa akihitaji chombo, pazia huvutwa. Mwanaume anayetaka kuhudumiwa na mwanaume humwambia Peterson, na hakuna anayemcheka. Mzee Gicheru alianza kula. Siku ya kwanza alimaliza sahani, akaitazama kama aliyeibiwa.

"Kim," alisema, "kumbe ulikuwa unanifanyia mambo mabaya sana."

"Buda, si ulinipea mwenyewe!"

Kiti nacho kilirudi wodini. Kila asubuhi Wangui huketi kidogo na kila mgonjwa aliye na neno. Huuliza: Ulilala? Unaogopa nini? Nyumbani nani anakungoja? Anayetaka maombi, huitiwa kasisi au shehe. Mmoja alisema haogopi ugonjwa. Anaogopa mke wake hajui kukamua ng'ombe mkali. Simu moja kwa jirani ilimpa usingizi ambao vidonge vilishindwa kumpa.

Na Wangui? Peterson huja kushika wodi, naye hutoka, akala, akanywa, akaenda choo bila kukimbia. Kiuno kiliacha kuuma.

Kidonda cha mzee kilianza kufunga kutoka ndani. Daktari aliyekuwa akinong'ona habari za kukata mguu aliacha kunong'ona. Mzee Gicheru alirudi Othaya na miguu yake yote miwili.

Lakini wodi ya akina mama, na ya watoto, na ya kujifungulia, huko bado wauguzi walikuwa wakikauka. Waliona mabadiliko ya wodi ya wanaume. Waliuliza. Asubuhi moja Bwana Mathenge alifungua mlango wa ofisi akakuta ukumbi umejaa sare. Wangui alikuwa mbele, na Subira kando yake.

"Mmekuja kuomba nini tena?" Mathenge akauliza.

"Hatukuja kuomba," Wangui alisema. "Tumekuja kukuambia saa zetu za kupumzika. Wewe utuambie utampigia nani simu."