Jicho la Saba

Wanaosema majini hukaa baharini na mapangoni hawajawahi kuajiriwa katika kiwanda cha sabuni. Jini ninayesimulia habari zake aliingia kazini mchana kweupe, watu sitini wakiwa ndani ya jengo, na wa kwanza kumwona hakuwa binadamu.

Fundi umeme wa kiwanda hicho alikuwa mtu mwembamba, mbishi, asiyeamini kitu mpaka akipime. Kazi yake ilikuwa kutunza vihisi vya mkanda unaobeba sabuni. Vihisi ni jina la kwenye karatasi. Ukumbini hakuna aliyekuwa na muda nalo. Vile vya kutambua chuma bila kukigusa waliviita pua. Vile vya mwanga waliviita macho, kwa sababu kila kimoja kilirusha mwale mwekundu kuvuka mkanda hadi kwenye kioo kidogo cha upande wa pili, na kitu kikikatiza mwale huo, taa yake ya kijani iligeuka ya chungwa. Taa ikibaki chungwa kwa muda, mkanda ulisimama wenyewe.

Macho yalikuwa saba, kuanzia mashine ya kukata miche ya sabuni hadi meza ya kupakia. Chini ya jicho la saba aliketi mdogo wake wa kike, ambaye kiwanda kizima kilimwita Chiriku kwa kuwa mdomo haukumkaa hata akihesabu. Fundi ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, na mama yao alimkubalia kwa shingo upande. "Huyu ndiye binti pekee niliyebaki naye," alimwambia. "Likimpata lolote, nitakuuliza wewe, sitamuuliza bosi wako."

Jumatatu moja, wakati wa mapumziko ya chai, mkanda ukiwa umesimama na hauna hata kipande kimoja cha sabuni, fundi aliona jicho la kwanza limegeuka chungwa. Akalaani vumbi, akafuta kioo. Likarudi kijani, na kabla hajamaliza chai yake likawa chungwa tena. Pua iliyokuwa kando yake ilikaa kimya, kwa hiyo hapakuwa na chuma. Akapitisha mkono kwenye mwale na hakugusa kitu, ila vidole vilipata baridi, na katikati ya manukato yote yale ya sabuni akasikia harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

Jumanne saa ile ile liliwaka la kwanza, likarudi kijani, likawaka la pili. Jumatano yaliwaka matatu. Fundi alibadilisha nyaya, akabadilisha vioo, akabadilisha hata jicho lenyewe, na Alhamisi yakawaka manne, moja baada ya jingine, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na kila taa ilipogeuka kulisikika mlio mdogo kwenye kabati la umeme, tik, kisha kimya, kisha tik.

Ijumaa alisimama na mama wa stoo, mwanamke mtu mzima aliyekuwa pale tangu kiwanda kinajengwa.

"Mama, umeona?"

"Nimeona. Punguza sauti."

"Ni hitilafu tu."

"Hitilafu haina miguu, mwanangu. Walipopanua jengo mwezi uliopita walifukia kile kisima cha nyuma. Niliwaambia wapige hodi kwanza, wakanicheka."

"Sasa kinataka nini?"

"Sijui. Namjua mtu wa kumuuliza, ila Jumatatu ndiyo atapata nafasi."

Jumamosi yaliwaka sita, na lile la sita lilikuwa hatua tano tu kutoka kwenye kiti cha Chiriku, ambaye alikuwa amegeuza mgongo akiwasimulia wenzake vituko vya jirani huku nyuma yake taa ikiwa chungwa, imetulia, kana kwamba aliyesimama pale anasikiliza hadithi. Fundi akapiga hatua kumwelekea. Taa ikarudi kijani.

Jumapili nyumbani alimvuta pembeni.

"Kesho usiende kazini."

"He! Kaka, nikikosa siku moja wananifuta jina. Kisa nini?"

"Kuna kitu kwenye mkanda. Kila siku kinasogea jicho moja. Kesho ni zamu ya la kwako."

Chiriku alimtazama, akaangua kicheko. "Wewe ndiye uliyekuwa unanicheka nikiogopa paka! Jikaze kisabuni, kaka. Taa haimli mtu."

Fundi hakulala vizuri, na alfajiri akapata wazo ambalo fundi yeyote angelipata, kwa sababu mafundi wamezoea kwamba kifaa kikisumbua kinaondolewa. Aliwahi kiwandani kabla ya king'ora, akalifungua jicho la saba, akalitia mfukoni, kisha akaunganisha nyaya zake kabatini ili mashine iamini kwamba njia iko wazi daima. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kile kitu kilitoka jicho hadi jicho. Pasipo na jicho la saba, hakina pa kufika.

Saa ya chai akasimama na kikombe ambacho hakukinywa. Likawaka la kwanza, la pili, la tatu, tik, tik, tik, kwa mwendo ule ule wa mtu asiye na haraka, harufu ya kisima ikimpita usoni na kuendelea, likawaka la nne, la tano, na la sita likakaa chungwa muda mrefu kuliko siku zote, kisha likawa kijani, na ukumbi mzima ukawa kijani, na hakikutokea kitu. Akavuta pumzi. Alikaribia kucheka.

Hapo akatokea mama wa stoo na mganga wake, mtu wa makamo mwenye simu mbili na begi la shule mgongoni. Fundi angemdhihaki siku nyingine. Mganga aliyatazama macho moja moja, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Nani aliweka hizi taa?"

"Ni za mashine," fundi akajibu.

"Basi mashine imewaokoa. Mmemfukuza mtu kwake, anatafuta nyumba. Lakini kiumbe wa namna hii hawezi kukaa mahali anapoonekana. Taa ikimfichua, lazima asogee. Akishafichuliwa na ya mwisho, anatoka mlangoni na kwenda zake, hamtamsikia tena. Ya mwisho iko wapi?"

Fundi alitia mkono mfukoni, akaligusa jicho la saba. Alikimbia, akaruka mkanda, akapiga kikumbo ndoo ya vipande vibovu, na hata kabla ya kufika alijua, kwa kuwa kwa mara ya kwanza tangu Chiriku aajiriwe, meza ya kupakia ilikuwa kimya.

Chiriku alikuwa ameketi, mikono mapajani, mgongo umenyooka. Harufu ya kisima ilikuwa nzito hapo. Akainua uso na kusema, kwa sauti yake ile ile, "Nimechoka kutembea."

Walimpeleka stoo. Mganga alifukiza, akasoma, akamnyunyizia maji, na yeye akamvumilia kwa adabu, kama mgeni anayesubiri mwenyeji amalize maneno yake. Mwishowe mganga akaanza kurudisha vitu vyake begini.

"Unaondoka?" fundi akamshika mkono. "Mtoe!"

"Nikimtoa, mtazika. Ndani hamna mwingine."

"Na mdogo wangu?"

Mganga alishindwa kumtazama. "Amesukumwa nje. Yuko pale pale alipokuwa amekaa. Mlango umefungwa kwa ndani, na mimi sina ufunguo wake."

Nyumbani, mama alifurahi. Hilo ndilo lililomwua fundi kuliko yote. Binti alifua, akapika, akamsikiliza mama bila kumkatiza, akalala mapema. "Kazi imemkuza," mama alisema huku akitabasamu. "Umefanya jambo jema, mwanangu." Fundi aliinamia sahani yake akajifanya amepaliwa, maana angesema nini? Amwambie mwanao hayumo, mwenye kula na wewe ni mpangaji?

Jumanne alfajiri alilirudisha jicho la saba mahali pake. Kiti kilikuwa kitupu. Yule mwingine alikuwa bado getini na wenzake. Mara king'ora kilipolia, taa ikageuka chungwa, ikabaki hivyo.

Fundi alipiga magoti kando ya kiti. "Mdogo wangu," akanong'ona. "Kama ni wewe, sogea kidogo."

Taa ikawa kijani.

"Rudi."

Ikawa chungwa. Fundi aliuma ukosi wa shati lake asipige ukelele, akalia pale sakafuni, mtu mzima, mbele ya wapakiaji waliokuwa wakiingia mmoja mmoja na kusimama mbali. Akaanza kuzungumza naye. Alimwambia mama hajambo. Alimwomba msamaha, akaomba tena, na hakujua kama kule aliko kuna masikio.

Lakini mkanda haukwenda. Jicho la saba lilisema njia imezibwa, na mashine ililitii jicho. Jumatano haukwenda, Alhamisi haukwenda. Ijumaa meneja alishuka mwenyewe ukumbini.

"Fundi, siku tatu kwa jicho moja?"

"Bosi, naomba muda."

"Muda upi? Jumatatu uliling'oa, ukaunganisha nyaya, tukapakia vizuri sana. Fanya hivyo hivyo."

"Siwezi, bosi."

"Huwezi, au hutaki? Watu sitini wamekaa. Usipofanya wewe, namwita fundi mwingine sasa hivi."

Fundi aliwatazama wenzake. Wote walijua, mama wa stoo alikuwa amewaambia, na wote waliinamisha nyuso, kwa sababu kila mmoja alikuwa na watu wake nyumbani. Pembeni, yule aliyekaa ndani ya dada yake alikuwa amesimama na aproni safi, akisubiri kiti chake.

Heri iwe kwa mkono wangu, alifikiri. Akainama hadi kwenye mwale, taa ya chungwa ikimmulika shavuni.

"Sikiliza. Wanaling'oa. Nishike shati, hapa mgongoni. Popote nitakapokwenda, nifuate. Usiniachie, umesikia? Usiniachie."

Taa ikawa kijani. Hakujua kama amemshika au amekwenda.

Akafungua skrubu mbili, akaunganisha nyaya. Mkanda ukaguna, ukaanza. Meneja alinyoosha mkono, akalichukua jicho, akalifungia kwenye kabati la ofisini kwake. Yule mwingine akaja akakaa kitini, akavuta katoni ya kwanza.

"Ahsante, kaka," akasema taratibu.

Jioni ile fundi alirudi nyumbani kwa miguu. Yule mwingine alitangulia, mwepesi, akiwahi kumsaidia mama. Fundi alikuja nyuma polepole, kila baada ya hatua chache akisimama, na kwenye kona akisubiri, na kwenye barabara akihakikisha magari yote yamepita kwanza. Alifika mlangoni, akaufungua wazi kabisa, akasogea pembeni ili mtu apite.

Alisimama hivyo mpaka mama akamwita kutoka ndani, akamuuliza anamngoja nani.